Rotary si ya matajiri wa Nairobi pekee: Njia ya kuingia kwa mtu wa Funyula

MWENYE duka la dawa katika soko la Funyula, mwalimu mkuu wa shule iliyo chini ya vilima vya Samia na wakala wa forodha anayeshinda juani Malaba akifuatilia stakabadhi za malori wana jambo moja linalowaunganisha: wote huchanga. Huchangia matanga, karo ya mtoto wa jirani, ujenzi wa kanisa na gharama ya jamaa aliyelazwa hospitalini Nangina. Wengi wao pia wamo katika chama kimoja au viwili vya kuweka akiba. Hata hivyo, ukiwatajia Rotary, aghalabu utapata mojawapo ya majibu mawili: ama ni chama cha matajiri wanaokula chakula cha mchana katika hoteli kubwa, ama ni dini ya siri.

Majibu yote mawili yana chembe ya historia ndani yake, na kwa sababu hiyo hayafai kupuuzwa.

Jioni ya Februari 23, 1905, wakili mmoja kwa jina Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika chumba nambari 711 cha jumba la Unity mjini Chicago, Marekani. Chumba hicho kilikuwa ofisi ya Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi. Wengine walikuwa Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi cherehani. Harris alikuwa amekulia katika mji mdogo ambako watu walijuana kwa majina, na upweke wa jiji kubwa ulimchosha. Wazo lake lilikuwa jepesi: watu wa kazi mbalimbali wakutane kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja wao, wafahamiane na wasaidiane kibiashara. Jina Rotary lilitokana na huko kuzunguka.

Mama yeyote wa Funyula ambaye chama chake hukutana wiki hii kwake na wiki ijayo kwa jirani hahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hilo. Tofauti ilijitokeza miaka michache baadaye. Waanzilishi waligundua kwamba kundi linalonufaisha wanachama wake pekee halidumu na halivutii watu wapya. Mojawapo ya kazi zao za kwanza kwa umma, iliyoanza mwaka wa 1907, ilikuwa kupigania ujenzi wa vyoo vya umma karibu na jumba la baraza la jiji la Chicago. Hicho ni kilio ambacho wafanyabiashara wa masoko mengi ya Magharibi mwa Kenya wangali nacho hadi leo.

Mwaka wa 1922 shirika hilo lilichukua jina la Rotary International. Barani Afrika, klabu ya kwanza ilipata hati yake mjini Johannesburg mwaka wa 1921. Nairobi ilifuata mwaka wa 1930, na Kampala mwaka wa 1957. Tarehe hizo zinaeleza ni kwa nini wazee wengi huiona Rotary kama mabaki ya ukoloni. Katika miongo yake ya kwanza nchini Kenya, waliokalia viti vya klabu walikuwa hasa Wazungu waliokuwa na biashara na vyeo, na Mwafrika aliyeingia katika chumba cha mkutano aliingia akiwa amebeba sinia. Hali hiyo ilibadilika baada ya uhuru, ingawa polepole, na leo klabu nyingi za Kenya zinaongozwa na Waafrika, wanaume kwa wanawake.

Kuhusu wanawake, Rotary haina sababu ya kujisifu. Kwa zaidi ya miaka 80 ilikuwa ya wanaume pekee. Klabu ya mji wa Duarte, California, ilipowaingiza wanawake miaka ya 1970, ilifukuzwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mnamo Mei 1987 iliamua kwamba wanawake hawawezi kuzuiwa, na mnamo 1989 baraza la kutunga kanuni la Rotary likaondoa kabisa sharti la uanaume. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa mwanamke wa kwanza, Jennifer Jones wa Canada, kukalia kiti cha urais wa dunia. Katika mpaka wa Busia, ambako mabegani mwa wanawake ndiko hupita sehemu kubwa ya biashara ndogo ya mahindi, samaki, mayai na mitumba, klabu ambayo ingewaacha nje isingekuwa na haki ya kujiita mwakilishi wa wafanyabiashara wa eneo hilo.

Je, ni nani anayestahili kuingia? Kanuni inamtaka mtu mzima mwenye tabia njema, anayeheshimika katika biashara, taaluma au jamii yake, na aliye tayari kutumikia. Haitaji shahada wala kiwango cha mapato. Zamani kulikuwa na sharti kali zaidi, kwamba kila kazi iwakilishwe na mtu mmoja tu katika klabu: wakili mmoja, daktari mmoja, mwenye hoteli mmoja. Sharti hilo lilikuwa na hekima yake, kwa maana lilizuia klabu isigeuke kuwa muungano wa watu wa biashara moja. Tangu mwaka wa 2001 limelegezwa ili watu kadhaa wa kazi moja waweze kuwa pamoja, mradi wasiimeze klabu nzima. Hebu fikiria ingekuwaje Malaba kama sharti la awali lingalikuwepo, katika mji ambao kila mlango wa pili ni ofisi ya wakala wa forodha.

Desturi ya kujiunga ni kualikwa. Neno hilo huwaogofya wengi, wakidhani kwamba mtu asiye na rafiki mkubwa hana njia. Kwa kweli mwaliko huo si mgumu kuupata. Mtu humwambia mwanachama anayemfahamu kwamba angependa kuhudhuria mkutano. Akiwa hamjui yeyote, tovuti ya Rotary ina sehemu ya kutafuta klabu zilizo karibu na ya kutuma ombi, na ombi hilo hupelekwa kwa viongozi wa eneo husika. Mgeni huhudhuria mikutano kadhaa bila kulazimishwa lolote. Baada ya hapo mwanachama mmoja hupendekeza jina lake, halmashauri ya klabu hulijadili, na wanachama wengine hupewa nafasi ya kutoa pingamizi iwapo wanayo. Asipopingwa, hulipa ada na kuapishwa katika mkutano wa kawaida, akavishwa beji yenye nembo ya gurudumu.

Hapo kwenye pingamizi ndipo mji mdogo unapotofautiana na jiji. Jijini Nairobi mtu anaweza kuwa na deni katika mtaa mmoja na heshima katika mtaa mwingine. Katika soko la Funyula kila mtu anajua ni nani aliyekula pesa za chama cha akina mama, ni nani aliyejenga darasa lililobomoka kabla ya mvua ya pili, na ni nani hulipa vibarua wake Ijumaa bila kufuatwa. Uchunguzi wa tabia ambao klabu ya mjini huufanya kwa barua na simu, huko hufanywa na sokoni kwenyewe, na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Gharama ndiyo inayowarudisha nyuma watu wengi waaminifu, na ni vyema ielezwe bila kufichwa. Kila mwanachama hulipia makao makuu ya kimataifa, yaliyoko Evanston, Illinois, kiasi ambacho katika miaka ya karibuni kimekuwa takriban dola 80 kwa mwaka, yaani kama Sh10,000. Juu ya hizo kuna ada ya wilaya ya Rotary na ada ya klabu yenyewe, ambayo kila klabu hujipangia. Kisha kuna chakula. Klabu inayokutana katika hoteli ya kifahari kila wiki inaweza kumtoza mwanachama fedha nyingi zaidi kwa sahani kuliko kwa huduma, na lawama kwamba Rotary ni chama cha kula zilianzia hapo. Klabu nyingi zimejirekebisha: hunywa chai pekee, au hukutana katika ukumbi wa shule au wa kanisa. Tangu mwaka wa 2016 kanuni zinaruhusu klabu kukutana mara mbili tu kwa mwezi badala ya kila wiki, na mikutano ya mtandaoni, iliyozoeleka wakati wa janga la corona mnamo 2020, imempunguzia nauli mtu aliye mbali na mji.

Mbali na ada, mwanachama hutarajiwa kuchangia Wakfu wa Rotary, mfuko uliobuniwa mwaka wa 1917 na ulioanza na mchango wa dola 26 na senti 50. Anayefikisha dola 1,000 hutunukiwa heshima yenye jina la Paul Harris. Hakuna anayelazimishwa, lakini katika chumba ambamo wengine wanavalia nishani hiyo, asiye nayo huweza kuona haya. Mtu anayefikiria kujiunga anapaswa kupiga hesabu yake mapema na kwa ukweli. Ikiwa ada hiyo itatoka kwenye karo ya watoto, wakati wake haujafika, na hakuna aibu yoyote katika kusubiri mwaka mmoja au miwili.

Kinachopatikana kwa gharama hiyo si rahisi kukipima. Biashara haiombwi waziwazi mezani, ingawa ni kweli kwamba watu huwaendea wanaowajua na kuwaamini. Kuna ratiba isiyobadilika sana: kengele hupigwa, wageni hutambulishwa, mzungumzaji mwalikwa hupewa kama dakika 20, na mwanachama mmoja aliyekabidhiwa kazi ya usajini hutoza faini ndogondogo za mzaha kwa aliyechelewa, aliyesahau beji yake au ambaye picha yake imeonekana gazetini. Fedha hizo huingia katika mfuko wa klabu. Mwaka wa Rotary huanza Julai 1, sawa na mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya, na siku hiyo viongozi wote hubadilika. Rais wa klabu hutumikia mwaka mmoja na kumwachia mwenzake. Katika nchi ambayo mwenyekiti wa chama cha ushirika au cha wenye matatu huweza kukalia kiti hadi kikamzeekea, zoea hilo peke yake lina thamani ya kuigwa.

Kuna jambo jingine ambalo hugusa mpaka kuliko mahali pengine popote. Mnamo 1932, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, Herbert Taylor wa Chicago alipewa jukumu la kuokoa kampuni ya vyombo vya jikoni iliyokuwa karibu kufilisika. Aliwaandikia wafanyakazi wake maswali manne ya kujiuliza kabla ya kila tendo, na Rotary ikayafanya yake mwaka wa 1943. Kwa ufupi, mtu hujiuliza iwapo jambo analolifikiria, kulisema au kulitenda ni la kweli, kama linawatendea haki wote, kama litajenga urafiki, na kama litawanufaisha wote linaowahusu.

Kuyakariri maswali hayo katika hoteli ya Nairobi si kazi. Kuyaishi Busia au Malaba ni suala tofauti. Wakala wa forodha anayejaza fomu ya shehena anajua kwamba neno moja likiandikwa badala ya jingine, ushuru hupungua na mteja hufurahi. Mwenye ghala anajua ni magunia mangapi ya sukari yaliyopita kituoni na mangapi yaliyopitia njia za panya usiku. Vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwemo kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, vilipunguza muda wa kusubiri na vishawishi vya kutoa kitu kidogo. Vishawishi hivyo hata hivyo havikuisha. Swali la kwanza kati ya yale manne, kama likichukuliwa kwa uzito, linaweza kumgharimu mwanachama wateja wake wawili watatu kwa mwezi. Klabu yoyote ya mpakani itakayowapokea watu bila kulizungumzia jambo hili ana kwa ana itakuwa imekusanya beji tu, na wakazi watalijua hilo kabla ya klabu yenyewe kulijua.

Mtu wa Samia akiuliza kama Rotary imewahi kumfaa, jibu lililo karibu zaidi ni tone la chanjo. Mwaka wa 1985 Rotary ilianzisha mpango wa kutokomeza polio duniani, na mwaka wa 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, Unicef na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa ukiwalemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi 125. Wanachama wa Rotary wamechanga zaidi ya dola bilioni mbili, na kila wakati wa kampeni wengine wao huonekana vijijini wakiwa wamebeba visanduku baridi pamoja na wahudumu wa afya.

Virusi havina pasipoti. Mwishoni mwa mwaka wa 2010 polio iligunduliwa katika wilaya ya Bugiri, mashariki mwa Uganda, si mbali na Busia. Mwaka uliofuata mtoto mmoja aliugua Rongo, upande wa Kenya, na uchunguzi wa maabara ukaonyesha kwamba kirusi chake kilikuwa na uhusiano na kile cha Uganda. Baina ya mahali hapo pawili kuna mpaka ambao maelfu ya watu huuvuka kila siku, wengine kwa miguu kupitia mashambani. Mwaka wa 2013 mkurupuko mwingine ulitokea upande wa Dadaab. Hatimaye, Agosti 25, 2020, bara la Afrika lilitangazwa kuwa huru kutokana na kirusi cha asili cha polio, ijapokuwa kirusi kilichotoka Asia kilizuka tena Malawi na Msumbiji mwaka wa 2022. Aina nyingine ya kirusi, ile inayotokana na chanjo katika jamii ambazo watoto wengi hawajachanjwa, bado inasumbua: mwaka wa 2024 iligunduliwa Kenya, na Busia na Bungoma zikawa miongoni mwa kaunti zilizolengwa na kampeni ya chanjo mwezi wa Oktoba mwaka huo. Mama aliyefungua mlango na kukuta vijana wenye kalamu ya kumtia mwanawe wino kidoleni huenda hakujua kwamba sehemu ya fedha za kazi hiyo zilichangwa na wenye maduka, wahasibu na madaktari wa meno wa nchi asizozijua.

Miradi midogo ina utaratibu wake, na humshangaza aliyezoea harambee. Katika harambee mheshimiwa hufika akiwa amechelewa, hutaja kiasi mbele ya kipaza sauti, hupigiwa makofi, na mara nyingine hesabu huishia hapo. Ruzuku ya kimataifa ya Wakfu wa Rotary haitolewi hivyo. Bajeti ya mradi haipungui dola 30,000. Ni sharti klabu mbili zishirikiane, moja ya mahali mradi ulipo na nyingine ya nchi tofauti. Jamii yenyewe huulizwa kwanza inachokihitaji, akaunti maalum hufunguliwa, na ripoti huandikwa hadi senti ya mwisho. Klabu inayoshindwa kutoa ripoti hunyimwa ruzuku nyingine. Utaratibu huo huchosha, na wapo wanaokata tamaa katikati ya fomu. Lakini mtu aliyewahi kupita Samia na kuona visima vya pampu ambavyo vipini vyake vimeshika kutu, kwa sababu aliyevichimba hakuacha hata mtu mmoja mwenye spana, ataelewa ni kwa nini maswali mengi huulizwa kabla ya jembe la kwanza kupigwa ardhini.

Sharti la klabu mbili za nchi tofauti lina maana ya pekee mpakani. Kwa Rotary, neno wilaya halina uhusiano na utawala wa serikali, na gavana wake si gavana wa kaunti. Ni mwanachama anayesimamia klabu za eneo zima kwa mwaka mmoja bila mshahara. Hadi mwaka wa 2013 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa katika wilaya moja, nambari 9200. Ilipogawanywa, Kenya iliwekwa katika wilaya 9212 pamoja na Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini, nayo Uganda ikaenda kwingine. Kwa hiyo mtu wa Busia ya Kenya na jirani yake wa Busia ya Uganda, ambao huenda wanazungumza Kisamia kimoja na kuzikana, wako chini ya magavana tofauti wa Rotary kama walivyo chini ya marais tofauti. Ni mgawanyiko ambao eneo hilo limeuzoea. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula hadi mwaka wa 2007 na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, ilhali nduguye Aggrey Awori aliwania urais wa Uganda mwaka wa 2001.

Hata hivyo kanuni za Rotary humruhusu mwanachama aliyekosa mkutano wa klabu yake kuhudhuria ule wa klabu nyingine yoyote duniani na kuhesabiwa kuwa alikuwepo. Wakala wa Malaba anayelala Tororo kwa sababu ya kazi hana kisingizio. Tena Uganda ina mengi ya kufundisha. Rotary imestawi huko hadi katika miji midogo kwa kiwango kinachowatia Wakenya wivu, na Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichochaguliwa kuwa na kituo cha kwanza cha amani cha Rotary barani Afrika. Sam Owori, mwanachama wa klabu ya Kampala mwenye asili ya Tororo, alikuwa ameteuliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018-19. Alifariki dunia Julai 2017, kabla ya kushika wadhifa huo. Angekuwa Mwafrika wa pili kuushika baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, aliyekuwa rais mnamo 2003-04.

Lipo bado lile jibu la pili, la dini ya siri. Hofu hiyo ina mizizi Kenya. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na tangu hapo kila nembo isiyoeleweka hutiliwa shaka na wengi. Kanisa Katoliki lenyewe liliwakataza mapadri kujiunga na Rotary mwaka wa 1951, likihofia kwamba ilikuwa na undugu na Wamasoni. Msimamo huo ulilegea baadaye. Jorge Bergoglio, aliyekuja kuwa Papa Francis, alifanywa mwanachama wa heshima mjini Buenos Aires mwaka wa 1999. Rotary haina madhehebu, haina viapo vya siri, na mikutano yake hupokea wageni. Haimuungi mkono mgombea wa chama chochote cha siasa. Gurudumu lililo kwenye beji ni gia ya mashine, yenye meno 24 na mikono sita. Zamani lilichorwa bila tundu la kabari katikati, hadi wahandisi waliokuwa wanachama wakalalamika kwamba gurudumu la namna hiyo lingezunguka bure bila kusukuma chochote. Wasamia, ambao mababu zao walifua chuma kabla ya reli kufika Kisumu, wangewaunga mkono.

Tahadhari moja ni muhimu. Hakuna uanachama wa Rotary unaouzwa kwa ujumbe wa simu, wala hakuna utajiri unaoahidiwa kwa anayetuma ada ya usajili kwa nambari asiyoijua. Anayeahidi hayo ni tapeli.

Rotary si mlango pekee, bila shaka. Lions, iliyoanzishwa Chicago mwaka wa 1917, inajulikana zaidi Kenya kwa matibabu ya macho, na Soroptimist, iliyoanzia Oakland, California, mwaka wa 1921, ni ya wanawake wenye kazi na taaluma. Taratibu zao za kuingia zinafanana.

Kwa aliye Funyula, ugumu mkubwa zaidi ni umbali. Klabu mpya kamili huhitaji watu wasiopungua 20, na kuwapata 20 wenye uwezo na muda katika soko moja si jambo la wiki mbili. Tangu mwaka wa 2013, hata hivyo, watu wanane wanatosha kuanzisha tawi linalolelewa na klabu iliyokwishakuwepo. Tawi hilo hujipangia mahali na saa ya kukutana huku wanachama wake wakihesabika katika klabu mama. Mwenye duka la dawa, mwalimu mkuu, muuguzi wa Nangina, mwenye duka la pembejeo, mfanyabiashara wa samaki wa Sio Port, mkandarasi, mchungaji na mhasibu wa Sacco: wanane hao wanapatikana kabla ya chai kupoa.

Wasio na uwezo wa kulipa ada hawaachwi. Klabu inaweza kulea kikosi cha jamii, ambacho wanakijiji hujiunga nacho bila kuwa wanachama wa Rotary na kuendesha miradi yao wenyewe. Wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 18 wana Interact shuleni, iliyoanzishwa mwaka wa 1962, na vijana kuanzia miaka 18 wana Rotaract, iliyoanza 1968 na ambayo ada yake ni nafuu. Ukomo wa umri wa miaka 30 uliokuwa katika Rotaract uliondolewa mwaka wa 2020, hivyo mwendesha bodaboda wa miaka 35, mrithi wa waliobuni kazi hiyo kwa baiskeli hapo hapo mpakani Busia, anaweza kuingia.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza hahitaji suti. Hufika mapema kidogo, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, na kengele ikishalia huombwa asimame ataje jina lake na kazi yake. Wanaojua husema kazi kwa maneno machache, kisha huketi na kusikiliza.